Taza Hashiki Penye Uongo

Kasa amepanda mchanga.

Maneno hayo yaliingia kwenye Thuraya, simu ya setilaiti iliyofichwa chini ya rundo la chaja. Athman aliyasoma bila kugeuza shingo. Maana yake ilikuwa moja tu: boti ya silaha imeikaribia Kismayo.

Mbele ya meza yake wanaume walikuwa wanabishana kuhusu nyota.

Redio ilikuwa imetangaza asubuhi ile kwamba Wazungu wametua chombo juu ya nyota yenye mkia, na kwamba chombo kilidunda mara mbili kwa sababu mikuki ya kukishikilia haikufyatuka. Idris, dalali wa samaki, hakuamini hata neno.

"Umeme wa siku nzima hatuna," alisema kwa Kibajuni chake, "halafu mchu anambie kuna wachu wanatua juu ya nyota."

"Wao wanao umeme, Idris," mmoja akamjibu. "Asiye nao ni wewe."

Watu wakacheka. Athman naye akacheka, mkono mmoja kwenye pasi ya kulehemu. Mtaani kwake Kismayo alijulikana kama fundi simu aliyerudi kutoka Mombasa. Alizaliwa kisiwani Chovai, akatolewa mgongoni mwa baba yake mwaka wa tisini na moja, vita vilipoivunja nchi, akakulia katika kambi ya wakimbizi. Hayo yote yalikuwa kweli. Yaliyobaki hayakuwa. Ndani ya sanduku la bisibisi mlikuwa na bastola ya Glock 19, na mshahara wake ulitoka katika Idara ambayo mlango wake haukuandikwa jina.

Ndipo Mahmudi akaingia.

Mahmudi alikuwa mvuvi wa kasa, mtu wa maneno mengi, na miwani ya jua ya plastiki hakuivua hata ndani ya nyumba. Leo alikuwa ameivua.

"Fundi, nitazamie. Nanga yangu imepotewa na akili."

Nanga ilikuwa programu ya simu. Mtu anayekimbia visiwani kwa mashua huiwasha, na jamaa zake walio nyuma humwona kwenye ramani, kidoa cha kijani kikitambaa kuelekea Kenya. Kila nyumba ya Kibajuni ilikuwa nayo.

"Cha bure hicho," Idris akadakia. "Rahisi ghali. Mchu gani atunge kitu mwaka mzima, kisha akigawe?"

"Mwanangu," Mahmudi akajibu. "Wardah wangu, aliyeko Uingereza. Hauzi, na msimbo wake ameuacha wazi, mwenye kujua ausome. Anambie ni kama kisima cha msikiti. Kila mchu anachota, na mmoja akitia uchafu, wenziwe wanauona."

"Wanauona wakichungulia. Nani anachungulia kisima, Mahmudi? Wachu wanachota tu."

Athman aliinamisha kichwa juu ya simu. Kwenye ramani kilionekana kidoa kimoja.

Kidoa kile kilikuwa cha Saada, mke wa Mahmudi. Alitoka Chovai jana pamoja na majirani, wanamgambo walipoanza tena kuchoma nyumba. Kidoa kilishuka hadi karibu na Kudhaa. Hapo kikageuka, kikarudi kaskazini kwa mwendo ambao mashua ya matanga haina, na sasa kilikuwa kimesimama kando ya Fuma, mlangoni mwa Kismayo.

Programu haikuwa na kasoro. Saada alikuwa kwenye boti ya silaha.

Mwenye boti alikuwa mgeni mmoja ambaye bandarini walimwita Kijivu kwa rangi ya ndevu zake. Alikuwa na mbinu moja, chafu na ya uhakika. Aliteka mashua za wakimbizi, akawapandisha wanawake na watoto juu ya makasha ya risasi, akapita. Hakuna doria inayofyatua kombora juu ya mtoto.

Lakini baharini ni pakubwa. Kijivu alizipataje mashua zile, moja baada ya nyingine?

Athman alijua. Yeye ndiye aliyemwonyesha.

Miezi michache nyuma, kwa amri ya Idara, alijiita Fundi Huria, akamtumia Wardah mistari michache ya msimbo. Alisema inapunguza kula betri. Na kweli ilipunguza. Ila katikati yake alifukia mstari mmoja uliopeleka nakala ya kila kidoa kwenye seva ya Idara. Wardah aliusoma haraka, baada ya kazi ya usiku ya kufagia hospitali, akaupokea. "Shukran, ndugu yangu," alimwandikia. "Sijui wewe ni nani, lakini umetupunguzia mzigo."

Ndugu yangu. Tangu siku ile Athman hakuwahi kulifikiria neno hilo bila kuona haya.

Alipita nyuma ya pazia, akapiga Thuraya. Upande wa pili alikuwepo Mzamil, mkuu wake. Hewani Mzamil aliitwa Kiota, na Athman aliitwa Kengewa.

"Kiota, hapa Kengewa. Kasa yuko Fuma. Ana raia juu ya sitaha."

"Tumemwona. Doria haitapiga. Maji yakijaa ataingia, tutamfuata nchi kavu."

"Na raia?"

"Tutaona."

"Amewapataje, Kiota?"

Mzamil akajibu taratibu: "Msimbo uko wazi. Mtu wa Kijivu aliusoma, akaiona anwani ya seva yetu. Amekuwa akichota."

"Mlijua?"

"Tulimwacha, ili tumjue. Usiguse kitu, Kengewa. Na programu isitajwe."

Simu ikakatika.

Athman aliishusha simu. Angeweza kumlaani Mzamil, na alimlaani. Lakini mstari ule haukuandikwa na Mzamil. Uliandikwa na vidole hivi.

Pazia likasogezwa. Alikuwa Mahmudi. "Fundi, kuna wachu wawili mlangoni. Wanauliza simu ni ya nani."

Watu wa Kijivu, bila shaka. Tundu alilolitoboa kwenye Nanga lilionyesha kidoa, na lilionyesha pia nani anakitazama.

"Mashua yako iko wapi, ami?"

"Ufukweni."

"Kimbia."

Wa kwanza aliingia na mkono kiunoni. Pasi ya moto ilimkuta kwenye kifundo cha mkono. Wa pili alijikwaa juu ya Idris, ambaye hakuwa mwepesi wa kuhama. Athman alinyakua sanduku, akapita dirishani.

Uchochoro. Ukuta. Mchanga.

Risasi mbili zilipita juu ya nyavu zilizoanikwa. Mahmudi alikuwa tayari ameivuta kamba, na injini yake ndogo ya Yamaha ikaitika kwa mvuto mmoja. Hawakutazama nyuma mpaka mji ulipobaki mstari mweupe.

Ndipo Mahmudi akaiona Glock.

"Wewe si fundi simu."

"Simu natengeneza pia, ami."

Wakaiona boti katika maji ya kisusi cha Fuma, upande uliokingwa na mawimbi. Faiba nyeupe, Yamaha mbili kubwa nyuma, imetia nanga ikingoja maji yajae ili ivuke miamba. Bunduki ya PKM mbele. Na juu ya makasha, chini ya jua la adhuhuri, watu wamekaa wamebanana. Mahmudi aliitambua leso ya mkewe, akapunguza mwendo.

Idara ilikuwa imempa Athman kidude cha kisasa cha kufuatilia boti, kidogo kama kiberiti, chenye sumaku. Aliutazama ubavu wa boti ile. Sumaku haishiki faiba. Wazungu na mikuki yao hawakuwa peke yao.

"Una nini humu?" akauliza.

Mahmudi alifunua karai lililojaa maji. Ndani alikuwemo samaki mwembamba mweusi, amegandia kwa utosi kwenye kuta za karai. Ni taza, ambaye Wabajuni humwita chaza. Hufungwa uzi mkiani, akaachiliwa, akaenda kujibandika kwenye kasa, na mvuvi akamvuta kasa kwa uzi uleule. Ukimvuta kwa nyuma ndipo anazidi kushika.

"Atashika faiba?"

"Chaza hushika hata papa."

Mpango ukawa huo. Taza ajibandike chini ya boti karibu na rafadha, panga za injini. Nyuma ya uzi wake ifungwe kamba, na nyuma ya kamba jarife kuukuu, wavu mzito wa kasa. Injini zikiwashwa, zitayala yote. Kwa walinzi ingekuwa mashua ya mvuvi tu, inayofanya kazi yake ya kila siku mbali kidogo.

Mahmudi alisimamisha injini, akashika kasia. Kisha akafanya jambo lililomkumbusha Athman marehemu babu yake.

"Chaza hateremshwi mpaka kila aliyemo chomboni ateme kilicho moyoni," alisema. "Chaza hashiki penye uongo. Naanza mimi. Miwani hii nilimwambia Saada nimepewa. Niliinunua, siku ambayo nyumbani hapakuwa na mafuta ya taa. Mola anisamehe. Sasa wewe."

"Sina kitu, ami."

Mahmudi alimteremsha taza. Uzi ukafunguka, ukaenda, ukasita. Ukazunguka. Athman akausikia mguso mdogo chini ya miguu yake.

Taza alikuwa amerudi. Alijibandika kwenye mashua yao wenyewe.

Msomi atasema walikuwa wamemwachia karibu mno, na samaki hufuata kivuli cha kwanza. Huenda. Mahmudi hakumwuliza msomi. Alimbandua taza kwa kidole gumba, akamrudisha kwenye karai, akamtazama Athman.

"Una jambo."

Maji yalikuwa yanajaa. Kwenye boti mtu alianza kuvuta nanga, akaacha, akapima maji kwa mti. Muda ulikuwa unakwisha.

Athman alikuwa amefundishwa kustahimili mateso. Kwa hili hakufundishwa.

"Mwanao alipokea msimbo kutoka kwa mtu asiyemjua," alisema. "Mtu yule alitoboa Nanga kwa siri. Kijivu amelipata tundu. Ndivyo alivyomwona mkeo baharini."

"Mchu gani huyo?"

"Mimi."

Mkono wa Mahmudi ulikwenda kwenye kisu cha kukatia uzi. Ukakaa pale. Athman hakusogea, maana katika dakika ile hakuona sababu ya kusogea.

"Na Wardah alikushukuru," Mahmudi alisema. Hakuwa anauliza. "Alinipigia simu usiku ule, ana furaha. Anambie, baba, kuna ndugu mmoja anatusaidia."

"Ndiyo, ami."

"Usiniite ami."

Wimbi likaipiga mashua ubavuni. Mahmudi akakiacha kisu, akatia mikono yote miwili ndani ya karai.

"Radhi sikupi," alisema. "Lakini umesema."

Alipiga makasia machache mbele, akamrusha taza mbali, kwa mkono mrefu. Uzi ukanyooka. Ukaenda moja kwa moja. Kamba ikafuata, kisha jarife likateleza majini.

Uzi ukakaza.

"Ameshika," Mahmudi akanong'ona.

Kwenye boti nanga ilipanda. Kijivu mwenyewe alisimama kwenye usukani, akawasha.

Yamaha zilinguruma. Zikakohoa.

Zikanyamaza.

Boti, bila nguvu, ikaanza kusukumwa na maji kuelekea miambani. Walinzi walikimbilia nyuma, wakainama kutazama rafadha. Hapo Mahmudi akatoa baragumu, kombe kubwa la pwani lililotobolewa, akalipuliza kwa pumzi yake yote.

Visiwani sauti ile haina tafsiri mbili. Kasa ameshikwa, shukeni majini mumpokee. Mtoto wa Kibajuni huishukia akiwa bado na tonge mkononi.

Juu ya makasha, Saada aliinua kichwa. Akainuka. Akamshika mtoto wa jirani kiunoni, akaruka upande wa miamba, na wengine wote wakamfuata. Maji yaliwafika vifuani. Walikuwa wameijua miamba ile kabla ya kujua kusoma.

Kijivu aligeuka na AK begani.

Athman alifyatua mara mbili. AK ikaanguka majini. Kijivu akaketi sakafuni ameshika bega, anashangaa. Athman akapiga Thuraya.

"Kiota, hapa Kengewa. Sitaha haina raia. Njooni mumchukue."

"Nilikwambia usiguse."

"Nimegusa."

Boti za doria zilitokea nyuma ya Fuma zikikata maji. Walinzi wa Kijivu walitazama PKM, wakatazama mizinga inayokuja, wakainua mikono. Makasha yote yalikamatwa, na hakuna mtoto aliyekosekana.

Ufukweni mwa Fuma Saada alikuwa anakamua leso. Mahmudi alimvika ile miwani, na Saada akasema anajua tangu zamani kwamba aliinunua.

Thuraya ikalia. Sauti ya Mzamil ilikuwa tamu.

"Kazi nzuri, Kengewa. Sasa sikiliza. Tundu libaki. Tumebadilisha ufunguo wa seva, na lina faida kubwa."

Athman alikuwa tayari ameshika simu yake ya kawaida, ukurasa wa Nanga uko wazi, ule ambao dunia nzima huusoma. Aliandika kwa kidole kimoja: *Mimi ni Athman wa Chovai, niliyejiita Fundi Huria. Nilimdanganya Wardah. Mstari nilioutia unawauza wanaokimbia. Huu hapa. Uondoeni.*

"Kengewa? Ukilitaja, huna pa kurudi. Umenisikia?"

"Nimesikia, Kiota."

Akatuma. Akaizima Thuraya, akaiweka ndani ya sanduku la bisibisi pamoja na Glock, akalifunga.

Jibu la Wardah halikuchelewa. *Nimeufuta. Mama?*

*Mzima. Yuko na baba yako.*

Alingoja neno jingine. Halikuja, wala hakustahili kuliona.

Mahmudi alikuwa anapakia watu mashuani kwa mafungu, kuwavusha hadi bara. Alimbandua taza chini ya boti iliyokamatwa, akamrudisha kwenye karai, akamwagia maji mapya. Lilipobaki fungu la mwisho alisimama, akamtazama Athman pale mchangani alipokuwa amekaa peke yake na sanduku lake.

"Ndoo, panda," alisema, akimwita kwa mkono.

Athman akainuka, akajikung'uta mchanga, akaingia majini.

"Kaa pale mbele," Mahmudi akaongeza. "Mbali na chaza."

Akakaa pale alipoambiwa.