Mpesheni wa Merina

Levina alikuwa amechoshwa na ule mpesheni kuliko alivyochoshwa na mbu, na ukiishi Ifakara ukachoshwa na kitu kuliko mbu, ujue kimekufika kooni.

Mmea huo wa matunda ya pesheni ulikuwa umetambaa ukuta mzima wa nyuma, ukafunika dirisha la chumba alimolala mwanawe Eliza, wa miezi saba. Hewa haipiti. Mbu wanajificha humo mchana, jua likizama wanaingia ndani. Mwezi huo peke yake mtoto alishikwa na malaria mara mbili. Lakini kila Levina alipomwomba mumewe aukate, Evarist alijibu neno moja tu: uache. Levina alijua kwa nini, au alidhani anajua. Majirani wote waliuita mpesheni wa Merina, mke wa kwanza, aliyefariki kwa uzazi pamoja na kichanga chake. Basi mwanamume analinda kumbukumbu ya marehemu, na walio hai waumwe na mbu. Inauma, jamani.

Desemba ya mwaka tisini na saba Evarist alikwenda Mngeta kulima mpunga, na Levina akaona nafasi ndiyo hiyo. Hakutaka kuukata, asije akaambiwa anamwonea wivu maiti. Angeuhamishia mwisho wa kiwanja, karibu na choo. Mmea mkubwa huhamishwa jioni, jua lisije likaukausha, kwa hiyo magharibi akamlaza mtoto ndani ya chandarua, akapogoa matawi kwa panga, akaanza kuchimba kulizunguka shina.

Halikutoka.

Alichimba hadi shimo likamfika magotini. Akavuta. Akatukana kidogo, akamwomba Mungu msamaha, akavuta tena. Wapi.

"Mdogo wangu, hapo hutaweza peke yako."

Mwanamke alikuwa amesimama upande wa pili wa shimo, kanga kaifunga kifuani. Levina hakusikia hatua zake. Alimsalimia, yule akaitikia kwa upole, akashika jembe. Alichimba bila kuhema. Alijua kila mzizi ulikokwenda... Harufu ya udongo uliolowa ikapanda, ingawa siku hiyo mvua ilikuwa haijanyesha.

Chini kabisa, katikati ya mizizi, palikuwa na kufuli. Lina kutu, na limefungwa. Yule mwanamke akarudi nyuma hatua moja.

"Hilo litoe wewe," akanong'ona.

Levina akalitoa, akaenda kulitupa chooni. Aliporudi, shina liling'oka kama karanga kwenye mchanga. Wakaubeba mpesheni kwenye gunia pamoja na udongo wake, wakaupanda kule mwisho, wakaumwagilia.

Sasa, kwao Levina, aliyekushikia jembe humpi asante tupu. Unamkaribisha ndani, ananawa, anakula. Kumwacha aondoke na njaa ni aibu ya kutembea mtaa mzima. Akasema bila kufikiri, kama mama yake angesema:

"Dada, ingia ndani. Hapa ni kwako."

Yule mwanamke akaweka jembe chini.

"Asante. Nimengoja sana kuambiwa hivyo."

Levina alipomaliza kusuuza jembe na kuingia, hapakuwa na mtu. Chandarua cha mtoto kilikuwa kimechomekwa vizuri kuliko alivyokichomeka yeye. Akadhani mgeni ameona haya, akaondoka.

Tangu usiku huo Eliza alikataa ziwa. Levina alimbembeleza, akamkaripia, akalia naye. Matiti yalijaa mpaka yakauma. Hospitali walisema mtoto hana homa wala kidonda mdomoni. Na hakukonda. Hilo ndilo lililomtisha: siku ya tatu mtoto hanyonyi, na mashavu yanazidi kujaa.

Akambeba mgongoni mpaka Kibaoni kwa mama mkwe wake, Bibi Kandida, akamweleza yote. Bibi aliposikia habari ya kufuli akakaa chini. Mpesheni ule haukuwa kumbukumbu, alisema. Aliupanda yeye mwenyewe juu ya kufuli lililofungwa, kwa maelekezo ya mganga, arobaini ya Merina ilipopita, kwa sababu marehemu alikuwa akija dirishani kila jioni kumtafuta mwanawe. Evarist alimficha mke mpya habari hiyo asije akakimbia. Levina alitamani kumpiga mtu. Miaka miwili wamemwacha agombane na mmea!

"Basi tuurudishe, mama," akasema.

"Nilimfungia nje," Bibi akajibu. "Sasa yumo ndani. Tukiupanda leo, tutamfungia pamoja na mtoto. Uliyemkaribisha ndiwe wa kumtoa."

Magharibi wakafika nyumbani, Bibi kashika kufuli jipya. Bibi alisema Merina hatajitokeza mpaka mtoto awe peke yake, kwa hiyo Levina akamlaza Eliza chumbani, akatoka. Wakangoja sebuleni bila taa.

Mtoto akaanza kucheka...

Kicheko cha kutekenywa.

Levina akasimama mlangoni mwa chumba. Kumfukuza mtu aliyekushikia jembe!

"Dada," akanong'ona, "kazi yako nimeiona. Umekaa, umeshiba. Sasa nenda."

Kicheko kikakatika.

Kitu cha baridi kikampita ubavuni. Pazia likatikisika. Mlango wa nje ukafunguka, ukajifunga, na Bibi akachukua jembe na lile kufuli akakimbilia nyuma ya nyumba kuurudisha mpesheni. Levina akamrukia mwanawe, akamkumbatia, akampa ziwa. Eliza akageuza uso. Alinyoosha mikono yote miwili kuelekea mlangoni, akalia kilio ambacho Levina hakuwahi kukisikia kwake, kilio cha mtoto anayeachwa na mama yake.