Makala ya Kila Jumatatu

Jumatatu, saa mbili na dakika tano asubuhi, karani wa masjala ya mahakama alirudisha karatasi za mzee mmoja chini ya kioo cha dirisha.

"Rufaa ni ndani ya siku kumi na nne, babu. Umechelewa."

"Hapa wameandika thelathini." Mzee alionyesha simu. "Tena imetoka leo hii."

Nyuma yake alisimama wakili mwenye suti ya kijivu iliyopauka viwikoni. Alichungulia. Blogu ile ya sheria aliijua. "Bwana huyu hakosei," alisema. "Muda ulipunguzwa mwezi wa tatu. Amepitiwaje?"

"Amefariki," alisema mwanamke aliyemfuata kwenye foleni. Alivaa gauni la bluu na kitambaa cheusi kichwani. "Mwaka jana, mwezi wa kumi. Ni mume wangu."

Mumewe, mwalimu wa sheria, aliambiwa na madaktari muda uliobaki. Akiwa kitandani aliandika makala hamsini, akazipanga zitoke zenyewe, moja kila Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Mjane hakuwahi kuzifungua kabla ya siku yake. Alizisoma zilipotoka, kama wasomaji wengine.

Wakili alimwandikia mzee maombi ya kuongezewa muda palepale kwenye benchi. Mjane alimshikia faili. Kisha akampa wakili neno la siri la blogu, arekebishe makala ile moja tu.

"Na namba yako ya simu?" wakili aliuliza.

"Ya kazi gani?"

"Nikikwama kwenye kifungu."

Alikwama kila jioni.

"Umekula, mheshimiwa?" mjane aliuliza siku moja.

"Sauti yako imenishibisha."

"Hiyo nayo utaiapia mbele ya hakimu?"

"Hata kesho, mpenzi."

Mwezi wa nne wa simu hizo, wakili alimwomba wafunge ndoa.

"Nitaolewaje, na kila Jumatatu ananiamsha?"

Jumatatu iliyofuata makala ilihusu wapangaji na notisi ya kuhama. Alipofika aya ya tatu alirudia kuisoma. Aya ile haikuwa ya mumewe. Mumewe hakuandika sentensi ndefu hivyo. Kwa dakika kadhaa aliamini jambo ambalo asingelisema mbele ya mtu: kwamba marehemu bado anaandika, na ameanza kubadilika.

Kisha akapiga simu.

"Umeingia tena kwenye maandishi ya mume wangu?"

"Notisi sasa ni miezi mitatu. Yeye aliandika mmoja. Mtu angetolewa nyumbani."

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

Mjane alikata simu. Wiki tatu hawakuongea.

Ijumaa ya wiki ya tatu, msomaji mmoja aliandika chini ya makala ile: "Mwalimu, nilimsomea mwenye nyumba aya ya tatu. Mimi na wanangu hatujahama. Ubarikiwe."

Mjane aliisoma mara nne. Jumamosi alimpigia wakili.

"Njoo na sheria zako mpya. Nataka kuzifungua zilizobaki."

Zilikuwa tisa. Alizisoma kwa sauti mezani, madirisha yakiwa wazi, wakili akifuatilia kwa kalamu. Mbili zilikuwa na makosa. Ya mwisho ilihusu mirathi, haikuwa na kosa, na haikumtaja mke popote.

"Nilidhani ataniaga," alisema mjane.

Wakili alimsogezea kompyuta.

Mjane alizifuta zote tisa kwenye ratiba. Juu ya ukurasa akaandika: "Mwandishi wa blogu hii amefariki. Sheria hubadilika. Usitegemee makala ya zamani kabla ya kuuliza."

Jumatatu aliamka saa kumi na mbili kasoro dakika mbili. Alisubiri mpaka saa kumi na mbili na robo. Hakuna kilichotoka. Akapiga simu.

"Kimya," alisema.

"Umelia?"

"Kidogo."

"Nije?"

"Njoo. Na lile swali lako uliulize tena, ukifika."

Wakili alifika saa moja kasoro dakika kumi, shati likiwa halijapigwa pasi. Aliuliza akiwa bado mlangoni. Mjane alisema ndiyo.