Nyumbani kwa Edgar

Vaileth alikuwa ameifuta alama ile mara mbili, nayo ikarudi.

Mumewe, Edgar, aliongoza kikosi cha wawindaji wenye kibali, walioitwa na wakulima wa Kimbiji kila nguruwe pori walipovamia mihogo. Ramani zao zilikuwa zimetawanyika kwenye simu za watu. Sasa walikubaliana kuzihamishia zote kwenye programu mpya, na kwa kuwa Vaileth ndiye mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi pale Temeke, kazi ikamwangukia yeye. Akahamisha mapito ya wanyama, madimbwi na mipaka ya mashamba. Katikati ya pori, mahali pasipo hata njia, palikuwa na alama iliyoandikwa: Nyumbani kwa Edgar.

"Hii umeweka wewe?" alimuuliza jioni ile.

Edgar aliitazama simu. "Mie sijui hayo mambo. Futa."

"Nimefuta. Inarudi."

"Basi iache," akasema taratibu, na uso wake ukalainika kwa namna ambayo Vaileth hakuwa ameiona tangu enzi za uchumba wao.

Hapo wivu ukamwingia. Akaanza kunusa mashati. Mtu akitoka kuwinda hunuka jasho na mbwa. Edgar alinukia asumini na udi. Bafuni alimsikia akicheka chinichini, kama anayejibu utani wa mtu. Programu ilionyesha kila mwindaji alipo, na wenzake walipopumzika mchana, Edgar alikuwa palepale kwenye alama, hasogei.

Jumamosi Vaileth alipanda bodaboda mpaka Kimbiji, maneno ya kumwambia huyo mwanamke yakiwa tayari mdomoni. Dereva alimshusha njia ilipokwisha.

"Sista, huko hakuna mtu anayekaa."

"Yupo," alisema Vaileth, akaifuata simu kwa miguu.

Alitembea huku ndege wakipungua, kisha wadudu nao wakanyamaza, na harufu ya asumini ikazidi kuwa nzito mpaka ikamkaa kooni, na ghafla vichaka vikaachana akajikuta kwenye uwanja usio na ukuta wala paa, umefagiwa muda si mrefu, michirizi ya ufagio ingali mchangani, mkeka umetandikwa, shati la Edgar limekunjwa juu yake, na pembeni sahani ya wali wa moto imefunikwa kawa, na kutoka nyuma yake, karibu kabisa na sikio, sauti ya mwanamke, sauti yake yeye mwenyewe Vaileth, ikasema kwa upole, "Karibu, mke mwenzangu. Vua viatu."

Hakukumbuka alivyofika barabarani.

Kesho yake mchana akamleta Bi Chausiku, mganga wa Mtoni. Mama yule alimketisha Edgar sebuleni, akafukiza ubani, kisha akamvuta Vaileth pembeni.

"Ni jini mahaba, mwanangu," alinong'ona. "Alimpenda mumeo siku aliyojilaza kule porini. Simtoi mie huyu. Anatolewa na aliyependwa, akimkataa kwa kinywa chake mara tatu." Akamgeukia Edgar. "Haya, baba. Sema simtaki."

"Simtaki," alisema Edgar.

Moshi ukayumba, ingawa madirisha yalikuwa yamefungwa.

"Simtaki." Safari hii sauti ilimkatika.

Vaileth akamshika mkono. Edgar alikuwa akiutazama mlango wa chumba chao cha kulala, machozi yakimtiririka, midomo ikifunguka na kufumbika bila neno, na Bi Chausiku akasubiri, na Vaileth akasubiri, mpaka ubani wote ukateketea chetezoni.

"Mume wangu," alimnong'oneza, "imebaki moja tu."

Edgar akautoa mkono wake polepole.

Kule chumbani kitanda kikalia, kama mtu anayejisogeza ampe mwenzake nafasi.