Saloni ya Bantu Makumi Tatu

Kujeni karibu, bajukuu bangu. Zimeni ile radio. Nono, ingiza miguu ku mukeka, baridi iko inapita chini ya mulango. Lakini ile pembe ya mukeka, ya ku mulango kabisa, muiache. Sasa kimya. Mwenye kukohoa akohoe sasa, kisha anyamaze.

Mulimaliza? Muzuri.

Dada yangu Madeleine alikuwa anaikala Kampemba, mu kanyumba ya sima, simenti tupu: chumba moja na saloni ya kupokelea bageni. Bwana yake Godefroid alitoboa mawe mu mine, chini ya udongo, miaka na miaka, mpaka kikohozi ilimubeba, mu mwezi ya mvula. Mutoto habakupata. Kisha ya kilio, miye pia nilirudia kwangu Kasapa, ku kazi zangu. Ndiyo, nilimuacha. Sikatai.

Mulisha kuikala siku moja peke yenu mu nyumba? Unakula, unasikia kijiko. Unaweka kikopo ku meza, inalia sawa kengele. Madeleine alianza kusalimia masufuria. Asubui alikuwa anawasha makala na anasema, "Unaona, leo imekubali kuwaka mbio," na hakuna mwenye kumujibu.

Siku moja, mangaribi, alikumbuka ampli ya Godefroid, ile mashini ya kukuza sauti ya muziki. Ilikuwa chini ya kitanda. Bafle zake, yale masanduku yenye kutosha sauti inje, panya balizikula, lakini ampli ilikuwa muzima. Aliifunga ku mugongo na kitenge, sawa mutoto, na alienda kwa Chisanga, ule fundi ya maredio karibu na soko.

"Eh, mama!" Chisanga alicheka. "Unaniletea ampli ama mutoto?"

"Mutoto ya uzee. Halie. Njo shida yake."

Chisanga aliifungula, alipangusa vumbi, alisoma nyuma. "Wati makumi tano kila upande. Sikiliza, mama. Ampli na bafle ni bwana na bibi, moja asimushinde mwenzake sana. Ampli kidogo ikivuta bafle mingi, utakaza sauti mpaka itapayuka, na kale kadogo ka juu ya bafle kenye kulia nyembamba katachomeka. Lakini mbele ya yote: saloni yako iko na ukubwa gani?"

Madeleine hakujua mambo ya mita. Alijua kilio.

"Ku kilio ya bwana yangu, bantu makumi tatu baliikala mule ndani. Nilibahesabu."

"Makumi tatu? Beko banaikala?"

"Beko banaikala."

Chisanga alipiga mulusi. "Basi haiko saloni, iko kanisa! Miili ya bantu inakula sauti, mama. Nguo zao pia zinakula. Kwa bantu makumi tatu, beba hizi." Alimuonyesha bafle mbili zenye kufika ku kiuno. "Zinakubali wati zako, na kifua yao itajaza nyumba yote."

Vijana ba soko balizisukuma ku pusupusu, gari ya mukono, mpaka kwake. Jua lilikuwa linazama, jekundu, mu vumbi. Madeleine alifunga mulango, aliwasha.

Sauti ilitoka... kadogo. Sawa muntu anaimba ndani ya blanketi.

Aliongeza mpaka nusu. Blanketi ilikuwa tu ile ile.

Aliongeza mpaka mwisho. Ampli ilipata moto, ilinuka vumbi yenye kuungua. Kikopo ilitetemeka ku meza. Lakini luimbo ilibakia mbali, chini, sawa inatoka mu udongo.

Na kulikuwa harufu ingine. Moshi ya miti. Miti mikubwa, yenye kuloa mvula, sawa ya moto ya kilio.

Madeleine hakupikaka na miti. Alipikaka na makala.

Kesho yake alirudia kwa fundi na kasirani. "Bafle zako zimekufa, mutoto wangu."

"Zimekufa? Zangu?" Chisanga alisikia haya mbele ya bakiliya bake, benye kumuletea maredio. Alifunga duka, balienda pamoja. Balifika wakati bavoisin, bantu ba nyumba za karibu, banaanza kuwasha mbabula za makala inje.

Chisanga alisimama ku mulango. Aliangalia ukuta ya huku. Aliangalia ukuta ya kule. Hatua tatu, hatua ine. Kiti moja, meza moja, mukeka chini. Bafle mbili zilikuwa mule sawa ngombe mbili mu jikoni.

"Mama, njo hii saloni?"

"Njo hii."

"Bantu makumi tatu baliingia wapi? Baliikaliana ku mabega?"

"Balikuwa humu."

"Ulibahesabu namna gani?"

Madeleine aliangalia chini. "Nilikuwa ku mukeka, kitenge ku kichwa. Mujane hainuwe macho, unajua. Kila muntu alinishika mukono, kisha nilisikia anaikala. Mikono makumi tatu. Mingine ilikuwa baridi sana... nilisema ni juu ya mvula."

Chisanga hakucheka tena. Alizima ampli. Kila fundi mbele ya kutega bafle anapiga mikono, kofi moja, mu nyumba, asikie namna ukuta zinajibu. Na mu nyumba ya sima, yenye kukosa hata rido ku dirisha, zinajibu kwa nguvu.

Alipiga.

Paa.

Ukuta hazikujibu.

Alisogea hatua moja. Paa. Sauti ilikufia mule mule mu vidole vyake, sawa alipiga mbele ya kitenge ya muntu.

"Mama," aliuliza polepole, "unaikala na bantu ngapi?"

"Peke yangu."

"Apana, mama... Humu mumejaa."

Chisanga aliegama ku mulango. "Kilio ya bwana yako, nani aliivunja? Nani alisema bantu barudie kwao?"

"Désiré, mudogo ya bwana yangu, njo alipashwa kusema. Lakini mvula ilipasua bashi, ile turubai ya inje yenye kufunika bantu, kila muntu alikimbia. Hakuna mwenye alisema."

"Na weye? Hii miezi yote, juu ya nini haukusema?"

Madeleine alishika kiti ya Godefroid. Kisha sauti yake ilitoka kadogo.

"Kama ningesema, ningebakia na nani?"

Ampli ilikuwa imezimwa. Lakini ngozi ya ile bafle ya kushoto ilianza kupanda na kushuka. Kupanda... na kushuka. Sawa kifua.

"Sema, mama. Sema sasa."

Madeleine alifungula mulango wazi. Aliishika na mikono mbili.

"Kilio imeisha," alisema. "Asanteni kwa kulia na miye. Kila muntu arudie kwake."

Nguo zilifanya kelele. Nguo mingi, zenye kuinuka pamoja. Viungo vya magoti vililia. Kisha baridi ilipita kati ya ule mama na ule fundi, moja, moja, kwa heshima, na kila baridi ilimushika Madeleine mukono.

Alihesabu. Wakati alifika makumi mbili na tisa, Chisanga alimusikia anasema mbio, ndani ya meno:

"Godefroid, weye ubakie."

Alifunga mulango.

Chisanga alipiga mikono. Paa-aa! Ukuta zilijibu. Alipiga mbele ya kiti. Ilijibu. Mbele ya meza. Ilijibu. Ku pembe ya mukeka, ya ku mulango...

Paa.

Kimya.

"Mama... bwana yako alizoea kuikala wapi?"

"Ku kiti yake. Chini? Hata siku moja. Mugongo ilikuwa inamuuma."

Baliangaliana.

Pale ku mukeka, muntu alikohoa. Kikohozi kadogo, kakavu. Haikuwa ya mwanaume.

"Fungula tena, mama. Sema tena," Chisanga aliomba.

Madeleine alisimama kwanza, mukono ku kitasa. Kisha alitoa mukono.

"Wacha," alisema. "Iko muntu."

Chisanga alirudisha zile bafle kubwa, alimuletea mbili ndogo za kutosha saloni ya bantu mbili. Yeye njo alinielezea yote, siku ya kumuzika. Juu Madeleine alikufa kisha ya mwaka moja, ku chimwela, wakati ya kukosa mvula, na bavoisin balisema kila mangaribi balisikia radio yake chini-chini, na yeye anauliza, "Tuongeze kidogo? Ama inatosha?"

Nyumba aliirisi Dorine, mutoto ya kaka yetu. Anaikala mule, halalamike. Kiti ya Godefroid ilienda kwa Désiré. Ampli na bafle ndogo alizirisi Fils, mutoto ya Dorine. Anasema zinalia muzuri kabisa kwake, hakuna kintu yenye kukula sauti.

Miye nilipata mukeka.

Nilijaribu kuikunja. Upande moja tu inakubali.

Nono, mutoto wangu, sogea kidogo. Unamufinya.