Siku Ambazo Jabiri Hakuwa Nyumbani

Wakati wa Mwingereza, Jabiri alikuwa mchuuzi wa mbuzi mjini Arusha. Aliwanunua kwa wafugaji wa Oldonyo Sambu, kule mlimani, akawauzia wenye bucha mjini. Safari zake zilikuwa ndefu. Mkewe, Zuleha, alibaki nyumbani na mama mkwe, Bi Mwamvua.

Ndoa ilikuwa na miaka minne. Mtoto hakuna.

Asubuhi moja Zuleha alikuwa akiosha vyombo uani. Bi Mwamvua alimsimamia na kikombe cha dawa chungu.

"Kunywa. Ya mwisho hiyo. Ijumaa naenda kumposea Jabiri mke mwingine."

Sahani ilimponyoka Zuleha. "Mama, nimekosa nini?"

"Tumbo lako ndilo limekosa. Mwanangu dume! Anabeba mbuzi wawili begani."

Jirani yao, Elifuraha, alikuwa akianika nguo. Alikuwa mkunga wa kliniki. Alishindwa kunyamaza.

"Shikamoo, Bi Mwamvua. Kubeba mbuzi si kipimo cha mbegu. Hata mwanamume mwenye nguvu huweza kukosa mtoto. Naye apimwe."

"Marahaba. Apimwe? Ebo! Anaumwa nini?"

Jabiri alitoka ndani amekunja uso. "Dada, haya ni ya nyumba yangu."

"Basi nijibu, shemeji. Huwa nyumbani lini?"

Mama yake Jabiri akajibu.

"Mimi ndiye ninayempangia. Zuleha akitoka mwezini na kuoga, mume yupo siku mbili tatu. Tumbo safi ndilo linaloshika. Kisha anafuata mbuzi. Anarudi Zuleha akikaribia mwezini tena."

"Hapo ndipo mlipopotea!" alisema Elifuraha. "Yai la mwanamke hutoka baadaye. Kwa wengi ni kama wiki mbili kabla ya hedhi inayofuata. Siku za kuelekea hapo huja ute mwepesi, unavutika kama ute wa yai la kuku. Hizo ndizo siku za kushika mimba. Na siku hizo Jabiri yuko mlimani anabembeleza mbuzi!"

Zuleha aliinua kichwa. "Ute huo nauona kila mwezi. Nilidhani ni ugonjwa."

"Si ugonjwa. Na hiyo dawa imwage. Haifungui tumbo, na yaweza kukudhuru."

Bi Mwamvua alishika kiuno. "Nimeshawapa watu ahadi. Ijumaa naenda."

"Huendi, mama," alisema Jabiri. Hakuwahi kumpinga hata siku moja. "Tutapimwa kwanza. Wote wawili."

Daktari hakuona ugonjwa. Jabiri akabadilisha safari zake. Zile siku za katikati, mbuzi walifuatwa na binamu yake, Abdulrahim.

Mwezi wa kwanza, hedhi ilikuja. Wa pili, ikaja. Bi Mwamvua akaanza tena kuguna. "Hata watu wenye afya njema huchukua miezi," Elifuraha alimwambia. "Mwache mtoto wa watu apumue."

Kisha hedhi haikuja. Msimu wa masika Zuleha alijifungua msichana.

Siku ya arobaini alikuja Bi Mwanahalima, rafiki wa Bi Mwamvua, akimlaumu mke wa mwanawe. "Tasa yule! Namrudisha kwao."

Bi Mwamvua alimpakata mjukuu wake vizuri.

"Kabla hujamtukana," alisema, "huyo mwanao dereva wa lori hulala nyumbani siku zipi?"