Eveline Arudi Kukimbia Baada ya Kichomi

Eveline Kalinga anaishi Kilolo na baba yake. Kila asubuhi hukimbia kwenye barabara inayopanda kati ya mashamba ya viazi. Akirudi huoga, hunywa chai, kisha huenda kulima. Mwaka jana klabu yake ya riadha ilimchagua kwenda kushindana Mbeya. Baba yake, mzee Kalinga, aliwaambia watu wote kanisani.

Mvua za baridi zilipoanza, Eveline akashikwa na kichomi. Alitetemeka kwa homa, na kila pumzi ilimchoma ubavuni. Alilazwa hospitali. Alipotoka, homa ilikuwa imekwisha, lakini nguo zilimpwaya.

"Dawa umemaliza," baba alimwambia. "Sasa toa jasho. Mashindano yamekaribia."

Eveline aliogopa nafasi yake kupewa mtu mwingine. Kesho yake alikimbia kama zamani. Katikati ya mlima moyo ulimwenda mbio, kifua kikabana, macho yakaingia giza. Aliketi kwenye majani yenye umande.

Nesi Frida, jirani yao, alikuwa anakwenda kazini. Alikaa naye mpaka pumzi ikatulia, kisha akampeleka zahanati kupimwa. Baba alipopata habari, alifika haraka, akamsalimu nesi kwa Kihehe.

"Kamwene, nesi. Kwani hajapona?"

"Kamwene, mzee. Ugonjwa umepona, mwili bado. Mapafu yake yamechoka na misuli imepungua. Akijilazimisha sasa, ataumia."

"Sisi tulikuwa tunakimbia na homa."

"Na wengine walianguka, mzee."

Mzee Kalinga alimkumbuka Yotamu, mwenzake wa ujana, aliyeanguka mbioni na hakuinuka tena.

"Sasa afanyeje?" aliuliza taratibu.

"Apumzike kwanza. Nikimpima tena nikaona yuko sawa, aanze kutembea, tena tambarare. Akiweza kuzungumza huku anatembea, bila kuhema, aongeze kidogo. Siku akiamka amechoka, au moyo unadunda kasi kabla hajatoka kitandani, asifanye mazoezi. Ale vizuri na alale vya kutosha. Kifua kikiuma, akiona kizunguzungu au akikosa pumzi, aache hapo hapo aje kwetu."

"Na Mbeya?" Eveline aliuliza.

"Mwaka huu usiende, mdogo wangu."

Eveline alilia njia nzima. Jioni baba alisema, "Kocha nitampigia mimi. Mimi ndiye niliyekusukuma."

Nesi alipomruhusu, baba na binti walianza kutembea pamoja. Mzee alimsimulia habari za marehemu mama yake, naye alijibu. Wakati mwingine wenzake wa klabu waliwapita wakikimbia, wakampungia mkono. Hapo Eveline aliinamisha kichwa. Siku alizoamka mzito, alirudi kulala, ingawa moyo ulimuuma.

Baadaye alikimbia kidogo, akatembea kidogo. Mlima aliuacha mpaka mwisho. Siku alipoufikia juu bila kifua kubana, alisimama akatazama bonde lote, wala hakuwa na haraka ya kushuka.

Mwaka huu Eveline amekimbia Mbeya. Hakushinda. Jumapili watu walimzunguka mzee Kalinga nje ya kanisa.

"Binti amekuwa wa ngapi?"

"Sikuhesabu," alisema mzee. "Nilimwona anamaliza huku ananiita, na pumzi anayo."