Sahani Mbili Zinazorudi Zimejaa

Sogeeni, enyi wenye wazazi, na ninyi wenye vyeo msikae mbali, maana hili lilitokea hapa hapa kwetu Simiyu.

Asubuhi ile, kituo cha wazee kilichoko pembeni mwa mji wa Bariadi kilikuwa kimetulia. Uwanja umefagiliwa, mablanketi yameanikwa, wazee wanaota jua barazani na kila anayepita anapewa salamu yake ya asubuhi, "Mwangaluka." Jilala, mkulima wa pamba wa Ipililo, alikaa chini karibu na mama yake, Nyamizi. Alimleta hapo baada ya kufiwa na mkewe. Nyumbani hakubaki mwanamke wa kumwogesha mama, na mwanaume kumwogesha mama yake mzazi ni jambo lisilosemeka.

Alimpa michembe. Mama akaitafuna yote, viazi vikavu vile, kama mtu aliyetoka kulima. Ndipo Jilala alipoiona bangili yake ya shaba. Zamani ilimbana mkononi. Sasa imeteleza mpaka kwenye kiwiko.

"Mayu, unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu."

"Chakula cha hapa hakitoshi?"

"Kinatosha na kusaza."

"Sasa umekondaje hivi?"

Mama akageukia ukuta. "Toa michembe mingine kama unayo, uache kunihoji kama mgambo."

Jilala alicheka, lakini swali halikumtoka kichwani. Mgonjwa hali namna ile, na mwenye chakula hakondi namna ile. Basi kuna nini?

Alimfuata msimamizi, Matroni Justina, ofisini kwake penye feni.

"Mama yako mkaidi," Matroni alisema. "Anapakuliwa kama wenzake, halafu anaiangalia sahani kama anaangalia sinema. Meza ile ile kuna mzee mwingine wa tabia hiyo hiyo. Wakaguzi wamekuja juzi, wamekuta wali, nyama, maharage. Wametusifu sana."

"Waliwauliza wazee?"

"Wazee watasema nini, zaidi ya kulalamika?"

"Basi niruhusu nimwone akila."

"Wakati wa kula wageni hawaingii ukumbini. Huo ndio utaratibu."

Utaratibu! Ndugu zangu, ukiona mkubwa anakimbilia neno hilo, ujue umekaribia mahali asipotaka ufike.

Jilala hakuondoka. Saa ya chakula cha mchana ilipofika, alizunguka nyuma mpaka jikoni, ambako mhudumu Violeth alikuwa anapakua. Violeth ni mtu wa Mtwara, Kisukuma hakijui, na bibi Nyamizi Kiswahili chake ni cha kuokoteza.

"Hata mimi nashangaa, kaka," Violeth alimnong'oneza. "Sahani mbili zile zinarudi zimejaa. Nimebembeleza mpaka nimechoka. Chungulia hapo dirishani, ila Matroni asikuone."

Jilala akachungulia. Wanaume na wanawake wamechanganywa meza moja ndefu. Mama yake amejifunika khanga mpaka puani, uso kaupeleka pembeni. Mbele yake kuna mzee mrefu aliyekondeana, amekaa upande, mikono magotini, anatazama sakafu. Jilala akamkazia macho yule mzee, kisha akashika kichwa.

"Mungu wangu! Huyu si Selestini wa Lalago?"

"Ndiye. Mnajuana?"

"Ameoa binti wa dada yake mama. Ni mkwe wake!"

"Si afadhali, basi? Wako ndugu."

"Dada, kwetu mama mkwe hali mbele ya mkwe, na mkwe hali mbele yake. Hata njiani mmoja anaingia porini ampishe mwenzake. Nyie mmewakalisha uso kwa uso!"

Violeth akaachia mwiko. "Yesu! Na mimi namwambia kila siku, bibi fungua mdomo, mwenzako anakuangalia!"

Jilala akarudi ofisini bila kubisha hodi. Matroni alimsikiliza, kisha akasema mambo hayo ni ya kizamani, wakaguzi wanataka wazee wote waonekane ukumbini. Sasa shikeni hapa: huyu Justina hakutoka mbali. Ni Msukuma wa Maswa, kaolewa, ana mama.

"Matroni," Jilala alimwuliza polepole, "mama yako angekula ugali mbele ya mumeo?"

Matroni alitazama mlango kama vile mama yake amesimama pale.

"Violeth!" aliita. "Mtoe bibi, mpelekee chakula uani."

Kule uani Jilala alimnawisha mama mikono. "Kwa nini hukusema, mayu?"

"Ningesema nini? Mkwe afukuzwe mezani kwa ajili ya tumbo langu?"

Alikata tonge, akalishika bila kulipeleka mdomoni.

"Na yeye kapelekewa?"

"Yuko chumbani kwake. Njaa imemlegeza, Violeth anamnywesha uji."

"Anameza?"

"Anameza, mayu."

Nyamizi akalichovya tonge lake kwenye mlenda, akala.

FUNZO

Ninyi mnaotumwa kukagua nyumba za wazee, mnafunua sufuria, mnasifu, mnapanda gari. Mzee anaweza kufa njaa mbele ya nyama, na ninyi mkaandika kuwa ametunzwa. Muulizeni kwa lugha yake, na mjue mmemkalisha na nani, kwa kuwa mtu haachi heshima yake getini anapozeeka. Nasi wenye wazazi, tusione haya kuuliza mpaka wakubwa wachukie. Mzazi hatasema. Ataona bora akonde.